Alikuwaka wapi? Siku 11 za Agatha Christie na sisi tunaopenda kuuliza

Leo sitaandika juu ya mihogo wala mbolea. Nataka tuongee juu ya mwandishi ambaye wengi wetu tumemsoma kwa Kifaransa, katika vile vitabu vidogo vya jalada la njano vinavyopita mkono kwa mkono hapa Uvira mpaka kurasa za mwisho zinadondoka. (Na kitabu cha upelelezi kisicho na kurasa za mwisho ni mateso, mnajua wenyewe.) Namsema Agatha Christie. Vitabu vyake vinakadiriwa kuuzwa nakala zaidi ya bilioni 2. Lakini siku hizi ukimtaja mbele ya vijana, wa kwanza kujibu atakuambia: "Si yule mama aliyepotea siku 11, halafu akajifanya amesahau?"

Akajifanya. Hilo neno ndilo limenikalisha chini niandike.

Habari ile inarudi kila Desemba, na Desemba 2026 inatimiza miaka 100. Kuna filamu juu yake, kuna riwaya, kuna vitabu vya historia, na sijui video ngapi za dakika tano zenye muziki wa kutisha. Nimepitia kiasi cha kutosha. Naona tumeisoma vibaya habari hii, na kinachochekesha kidogo ni kwamba Christie mwenyewe ndiye aliyetufundisha kusoma vibaya hivyo.

Kwanza mambo yenyewe yalivyokuwa. Ijumaa tarehe 3 Desemba 1926, usiku, Christie, mwenye umri wa miaka 36, alitoka nyumbani kwake Sunningdale, Uingereza, akaingia kwenye gari lake aina ya Morris Cowley akaenda. Mtoto wake Rosalind, wa miaka 7, alikuwa amelala. Bwana yake, Kanali Archie Christie, hakuwako. Weekendi hiyo alikuwa kwa marafiki, pamoja na msichana anayeitwa Nancy Neele ambaye alikuwa anampenda na alitaka kumuoa. Asubuhi yake gari lilikutwa Newlands Corner, karibu na mji wa Guildford, limeteremka kwenye mteremko juu ya shimo la chokaa. Ndani kulikuwa na koti lake la manyoya na leseni ya kuendesha. Mwenye gari hayuko.

Alikuwa tayari na jina. Mwaka huohuo, miezi michache kabla, kitabu chake juu ya kifo cha Roger Ackroyd kilikuwa kimetoka na watu wamekigombania. Kwa hiyo magazeti yalipata zawadi: mtunzi wa mafumbo amegeuka fumbo. Gazeti la Daily News liliahidi pauni 100 kwa atakayempata. Habari ilivuka bahari mpaka ukurasa wa kwanza wa New York Times. Polisi walileta mbwa, maziwa madogo yalipekuliwa, ndege ziliruka juu ya vichaka, na Jumapili tarehe 12 maelfu ya raia walijitolea kutembea porini kumtafuta. Magazeti yalichapa picha zake za kubuni: hivi ndivyo angeonekana akivaa miwani, hivi ndivyo angeonekana akibadilisha nywele.

Sisi tunaoishi chini ya milima hii tunajua kutafuta watu. Aprili 2020, Mulongwe ilipofurika na kushusha mawe na matope katikati ya mji, watu walitafutana kwa mikono na kwa majembe. Sisemi hivyo ili kushindanisha huzuni. Nasema tu kwamba nikisoma habari ya zile ndege za 1926 najua nasoma habari ya mtu wa aina gani na nchi ya aina gani.

Hapo katikati kuna kisa kimoja ambacho siwezi kukiruka. Arthur Conan Doyle, yule baba wa Sherlock Holmes, mpelelezi anayeangalia majivu ya sigara na kukuambia umetoka wapi, alichukua glavu ya Christie akampelekea mtu anayesema na roho. Yaani mganga. Mganga akashika glavu, hata hakuambiwa ni ya nani, akasema mwenyewe hajafa na habari zake zitasikika Jumatano. Kusema kweli zilisikika Jumatano, na mzee Doyle alijivunia jambo hilo gazetini. Lakini jiulizeni: angekuwa nyanya yangu wa Kasenga amepeleka glavu, wazungu wangeandika nini juu yetu? Wakati Muhammed Said Abdulla, yule Mzanzibari aliyetupa Bwana Msa, alipoandika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka 1960, alimweka mpelelezi wake mbele ya mzimu wenye sifa mbaya, na Bwana Msa akautafuta ukweli kwa akili tupu na kiko chake mdomoni. Bwana Msa ni mtoto wa Holmes, hilo halifichwi. Lakini katika jambo hili mtoto alimpita babu.

Basi. Christie alikuwa wapi? Alikuwa Harrogate, kaskazini, katika Yorkshire, kwenye hoteli ya tiba ya maji iliyoitwa Swan Hydropathic. Alifika Jumamosi tarehe 4, siku moja tu baada ya kutoka nyumbani. Alijiandikisha kwa jina la Teresa Neele, kutoka Cape Town. Alikula, alicheza karata, alisoma magazeti, alisikiliza muziki. Wanamuziki wawili wa hoteli ndio waliomtambua wakaenda polisi. Tarehe 14 bwana yake alifika akathibitisha kwamba ni yeye. Madaktari wawili walimpima wakasema amepoteza kumbukumbu.

Na hapa ndipo hadithi inapogeuka kuwa mbaya. Kwa siku 11 nchi nzima ilimlilia. Siku ya 12 ilimkasirikia. Gharama ni kiasi gani? Nani atalipa? Alitaka kuuza vitabu! Alitaka kumuadhibu bwana yake! Maswali yalifika mpaka bungeni. Kama angekutwa amekufa ndani ya lile ziwa dogo, wangempa maua. Alikutwa hai, akiwa na nguo mpya, na hilo halikusameheka.

Ni kosa gani kubwa namna hiyo? Nafikiri jibu liko kwenye kitabu cha mwaka ule. Hapa natoa onyo: kama hujasoma Ackroyd na unataka kukisoma, ruka aya mbili zinazofuata, usije ukanitukana baadaye.

Kitabu kile ndicho kilichofungua mfululizo wa Le Masque huko Paris mwaka 1927, yaani namba moja ya zile jalada za njano zote. Anayetusimulia ni daktari wa kijiji, mtu mpole, mwenye dada mbea. Tunamwamini kwa sababu yeye ndiye anayeshika kalamu. Mwishoni tunajua yeye ndiye muuaji. Hakutudanganya hata neno moja. Aliacha tu dakika kadhaa bila kuzisema. Kati ya sentensi moja na ya pili kuna tundu, na ndani ya tundu kuna maiti.

Sasa angalia. Juni watu wanasoma kitabu kinachowafundisha kwamba mtu asiyesema kila kitu ana damu mikononi. Desemba mwandishi wa kitabu hicho anarudi na tundu la siku 11 na anasema, sikumbuki. Unategemea wasomaji wafanye nini? Walifanya kile alichowafundisha. Walikusanyika sebuleni, kama Poirot anavyokusanya watu, wakamngojea aeleze. Hakueleza. Tangu siku ile mpaka leo tuko sebuleni, tumekaa, tunangoja.

Filamu ya kwanza kubwa juu ya jambo hili, Agatha, ilitoka 1979, Vanessa Redgrave akiwa Christie na Dustin Hoffman akiwa mwandishi wa habari Mmarekani anayemfuata mpaka Harrogate. Redgrave anacheza vizuri sana, macho yake peke yake yanatosha kukuambia kitu. Lakini waandishi wa filamu hawakuvumilia tundu likae wazi. Wakatia ndani yake mpango: Christie anajifunza mashine za umeme za hoteli ile ili afe kwa mkono wa Nancy Neele bila Nancy kujua. Yaani wamemfanya huzuni yake iwe sura ya kitabu chake mwenyewe. Warithi wake walijaribu kuizuia filamu mahakamani wakashindwa. Naelewa hasira yao.

Kisha mwaka 1998 Jared Cade akatoa kitabu kinachosema Christie alipanga kila kitu, akisaidiwa na rafiki yake wa karibu, ili kumharibia bwana yake weekendi. Kimeandikwa kwa bidii ya kazi, hilo nalikubali, na kina maelezo mengi. Andrew Norman, daktari, alisema ni ugonjwa, ile hali ambayo madaktari wa akili wanaiita fyugi: mtu anazidiwa na msiba, anaondoka mahali pake, anajisahau, anaweza kuishi siku kadhaa kama mtu mwingine huku anakula na kuongea vizuri kabisa. Mwaka 2022 mwanahistoria Lucy Worsley aliandika wasifu mpya akaegemea upande huo huo, na akaongeza jambo ambalo naona ndilo zito: kwa nini ni vigumu hivi kumwamini mwanamke anaposema aliugua? Mwaka huohuo Nina de Gramont akatoa riwaya ambamo anayesimulia ni yule msichana wa bwana, kwa jina la kubuni, na siku 11 zinajazwa na mauaji na kisasi na mapenzi ya zamani. Nilikisoma kwa siku mbili, kinavuta. Lakini kufika mwisho Christie mwenyewe amebaki kama kiti kilichowekwa pembeni ili wengine wapite.

Niruhusuni nirudi kidogo shambani, kwa sababu sisi wa agronomi tuna ugonjwa huu pia na tuna dawa yake. Unapanda jaribio lako kwenye Uwanda wa Ruzizi, aina 5 za mahindi, kila aina mara 4, jumla ya vipande 20. Wiki moja kabla ya kuvuna ng'ombe wa mtu wanaingia, wanamaliza kipande kimoja. Utafanyaje? Mwaka 1933 Frank Yates wa kituo cha Rothamsted, huko huko Uingereza, aliandika njia ya kukadiria namba ya kipande kilichopotea ili hesabu iendelee. Tunaifundishwa mpaka leo. Lakini ukitumia njia hiyo kuna bei: unakata digrii moja ya uhuru, na katika memwari yako unaandika wazi kwamba kipande kile hakikuvunwa. Ile namba ni ya kusaidia hesabu tu. Mwanafunzi atakayesimama mbele ya jury aseme "kwenye kipande hiki nilivuna kilo 3 na nusu" wakati ng'ombe walikula, huyo amedanganya, hata kama namba yake inafanana na ukweli.

Cade, filamu, de Gramont, kila mmoja kwa njia yake anauza mavuno ya kipande kilicholiwa na ng'ombe. De Gramont angalau anaandika "riwaya" kwenye jalada.

Sitaki kukimbia upande wa pili, maana uko na uzito. Kuna mambo yanayosumbua mtu anayesema alikuwa mgonjwa tu. Kabla hajapotea alimwandikia shemeji yake, Campbell Christie, barua akisema anaenda kwenye hoteli ya tiba Yorkshire. Akiwa Harrogate tangazo lilitoka katika The Times likiwaomba ndugu na marafiki wa Teresa Neele, aliyetoka Afrika Kusini, wawasiliane. Na lile jina! Neele ni jina la mwanamke aliyemnyang'anya bwana. Mtu aliyesahau kila kitu anakumbukaje jina hilo hilo?

Mimi naona jina hilo linasema kinyume cha wanachodai. Mtu mwenye mpango, tena fundi wa mipango kama huyu, anayetaka kujificha, hachukui jina ambalo bwana yake atalitambua sekunde ya kwanza. Mtu anayetaka kulipiza kisasi halipi pesa ya tangazo akiita ndugu wa mtu asiyekuwepo. Ile ni tabia ya mtu ambaye amekuwa yule mwingine: mwanamke anayependwa, anayeitwa Neele, ambaye hakuna aliyemwacha. Na ana ndugu mahali fulani, wamtafute. Kila nikiisoma hiyo habari ya tangazo inanigusa. (Cape Town ilitoka wapi? Mwaka 1922 yeye na Archie walizunguka dunia na ujumbe wa maonyesho ya himaya ya Uingereza, na Afrika Kusini ilikuwa kituo cha kwanza. Walikuwa bado na furaha. Afrika katika vitabu vya wakati ule ni mahali ambapo mtu anaweza kusema ametoka, na hakuna atakayeenda kuhakikisha.)

Na kuna ushahidi mwingine, ambao wapelelezi wengi wa mtandaoni wanaupita bila kuuona kwa sababu haumo ndani ya zile siku 11. Umo katika kitabu cha maisha yake mwenyewe, kilichotoka 1977, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Watu wanasema kitabu hicho kimenyamaza juu ya kupotea, na ni kweli. Anasema tu kwamba mwaka ule haupendi kuukumbuka. Lakini kabla ya hapo anasimulia miezi iliyotangulia. Aprili 1926 mama yake, Clara, amekufa. Christie anaenda Torquay kusafisha nyumba ya utoto wake, Ashfield, vyumba vilivyojaa vitu vya miaka mingi, anafanya kazi kuanzia asubuhi mpaka usiku. Bwana yake amebaki London. Analia bila sababu. Siku moja gari limekataa kuwaka, anakaa analia. Na siku moja anaenda kusaini hundi, anasimama na kalamu mkononi, hakumbuki jina lake. Anaandika jina la mhusika wa riwaya ya Thackeray.

Hiyo ni kabla ya Archie kumwambia habari ya Nancy. Alimwambia Agosti, alipokuja kwa ajili ya sikukuu ya kuzaliwa ya mtoto.

Sasa wewe mpenda mafumbo, niambie. Mwanamke amefiwa na mama, amechoka, ameachwa, na miezi kabla ya Desemba tayari amesahau jina lake mara moja na kuazima la mtu mwingine kutoka kitabuni. Ingekuwa riwaya ya Christie, hundi ile ingekuwa ndiyo ufunguo na sisi tungejisifu kwamba tuliiona. Iko pale, imechapwa, kwa mkono wake. Hatuioni kwa sababu tunatafuta kosa, na hundi ile haionyeshi kosa. Inaonyesha ugonjwa.

Tena si kweli kwamba hakuwahi kusema. Februari 1928 aliongea na Daily Mail. Alieleza kwamba usiku ule alitoka nyumbani akiwa na nia ya kufanya jambo la kukata tamaa. Neno "kujiua" mnaweza kulisoma wenyewe hapo katikati. Alieleza kwamba Harrogate, akiwa Bi Neele, alisoma habari za kupotea kwa Bi Christie kama habari za mtu baki. Waliosema anajifanya waliendelea kusema.

Na alisema mara ya tatu, kwa njia ambayo mimi naona ndiyo ya kweli zaidi. Mwaka 1934 kilitoka kitabu kiitwacho Unfinished Portrait, kwa jina la Mary Westmacott. Mary Westmacott ni yeye. Ilikuja kujulikana mwaka 1949. Hakuna mpelelezi ndani yake, hakuna sumu. Kuna mwanamke anaitwa Celia aliyefiwa na mama na kuachwa na bwana, na anataka kufa. Mchoraji wa picha za watu, ambaye amepoteza mkono wake mmoja, anamkuta kwenye kisiwa, anahisi anachotaka kufanya, anakaa naye. Celia anaongea usiku kucha. Kama riwaya si bora kuliko zote: katikati inalegea, utoto wa Celia ni mrefu mno. Lakini kurasa za ndoa inapovunjika ni kati ya kurasa ngumu kabisa alizoandika, na hakuna hata moja ya vitabu vyake vya njano inayofika pale. Aliweza kusema akiwa na jina lingine tu. Kwenye hundi jina lingine, Harrogate jina lingine, kwenye kitabu jina lingine. Mhakiki anayetaka kuelewa 1926 aanze hapo, aache kupima umbali kutoka shimo la chokaa mpaka stesheni ya treni.

Kwa nini haya yananihusu mimi mtu wa Uvira, mwenye lisansi ya agronomi na anayetafuta kazi kama ninyi? Kwa sababu lile swali la magazeti ya London nalisikia kwenye robine ya mtaa wetu. Kuna mama mmoja jirani, sitasema zaidi ya hapo, ambaye miaka kadhaa iliyopita alitoka asubuhi moja, sufuria iko motoni, watoto wamelala, akaenda. Mama yake alikuwa amezikwa mwezi uliotangulia, na bwana yake alikuwa ameshaanza kujenga kwingine. Alionekana baada ya siku 9, ng'ambo ya mpaka, Bujumbura, kwa watu wasiomjua, anawasaidia kuanika ndagala. Alikuwa mzima. Alirudishwa.

Wiki ya kwanza watu walishangilia, wengine walilia kweli. Wiki ya pili ikaanza. "Alikuwaka wapi?" "Aseme basi!" "Banasema alienda kwa bwana mwingine." "Hapana, ni majini ya ziwa." "Ule alitaka tu kumtisha mume yake." Kanisani walimwomba atoe ushuhuda mbele ya watu ili Mungu apate utukufu. Shirika moja lilimtumia kijana mwenye fomu, na kijana alikuwa mpole, lakini fomu ilikuwa na mistari ya kujaza na ilibidi ijazwe. Yeye alikuwa anasema jambo moja tu: nilichoka, sijui. Kila aliyesikia jibu hilo aliondoka na hasira kidogo, kama mtu aliyelipa nauli moto ikamshusha njiani.

Katika mkoa huu idadi ya watu walioondoka na kurudi ni kubwa. Wako waliochukuliwa kwa nguvu, wako waliokimbia wenyewe, wako waliokwenda Kigoma au Kalemie wakanyamaza miaka. Tuna desturi ya kumfungulia aliyerudi mlango kwa mkono mmoja na kumshika koo kwa mkono wa pili: eleza. Tunaita hiyo kujali. Wakati mwingine ni kujali kweli, maana asiyesema anaweza kuwa anaficha hatari kwa wengine, na polisi wana haki ya kuuliza kama kuna aliyeumizwa. Mtu akirudi na damu kwenye shati, aulizwe. Lakini jirani yangu alirudi na harufu ya samaki tu.

Christie alipewa kila kitu ambacho jirani yangu hakupewa: ndege, madaktari, pesa, wanasheria. Na bado hakupewa lile moja, kuaminiwa kwamba "sijui" inaweza kuwa jibu kamili. Hata Worsley, ambaye namheshimu, anahitaji jina la ugonjwa ili amtetee. Ningependa siku moja kusoma kitabu juu ya 1926 ambacho mwandishi wake anafika kwenye zile siku 11, anaeleza hoteli, karata, muziki, tangazo, halafu anaendelea na Desemba tarehe 14 bila kutuambia nini kilikuwa ndani ya kichwa chake.

Kinachofuata baada ya hapo kinajulikana vizuri, na ni ajabu jinsi watu wasivyokitaja. Mwanzoni mwa 1927 alienda visiwa vya Canary na mtoto wake Rosalind na katibu wake, Charlotte Fisher. Alikuwa anahitaji pesa. Alikuwa na kitabu ambacho hakijamalizika, na hakuwa na hamu nacho hata kidogo, mtoto yuko pembeni anasumbua anataka kucheza, yeye anamtamkia Charlotte sentensi moja moja. Baadaye aliandika kwamba hapo ndipo alipokuwa mtu wa kazi, anayeandika hata asipotaka. Kitabu ni kile cha Treni ya Bluu, kilitoka 1928, mwaka ambao talaka yake ilipita. Alikichukia mpaka mwisho wa maisha yake. Mimi nimekisoma mara mbili. Muuaji nimemsahau, lakini kila mara nilikuwa namwona yule mama na mtoto wake kando ya bahari, akihesabu kurasa.